Mashahidi Wawili wa Kibla

Mvua iliuangusha ukuta wa kibla asubuhi, wakati msikiti ukiwa mtupu. Adhuhuri ile waumini walipopanga safu, mbele yao hapakuwa na mihrabu tena, bali barabara ya matope, na juu ya barabara mwendesha toleka aliyekuwa akipita na abiria wake. Mtu yule alisimamisha baiskeli, akashangaa kuona wanaume wote wale wakimwinamia. Akavua kofia. Abiria naye akashuka kwa heshima, na wote wawili wakaisukuma baiskeli polepole mpaka walipotoka machoni pa watu.

Kulikuwa na waliocheka baadaye. Papa Feruzi, imamu, hakucheka. Msikiti ule mdogo wa matofali ya udongo ulijengwa na babu yake, aliyetoka Bagamoyo akiwa kijana katika msafara wa wafanyabiashara, akafika mpaka hapa Kisangani, kwenye maporomoko ya Wagenia, na asirudi tena kwao. Baada ya babu alisalisha baba, na baada ya baba, yeye. Mtaani, ukitaja ukuta ule umemtaja Papa Feruzi.

Kwa hiyo Idrissa, muuza simu wa mtaa wa Makiso, alipoinuka Ijumaa baada ya sala na kusema kwamba kwa kuwa ukuta umekwisha kuanguka basi sasa ujengwe sawasawa, kila mtu alielewa kwamba hazungumzii udongo.

"Papa imamu, mimi sisemi mengi," alianza, na wawili watatu waliomjua wakakohoa. "Simu inasema kibla iko digrii thelathini na tatu toka kaskazini, upande wa mashariki. Ukuta wetu ulikuwa unaangalia kaskazini tupu. Bon. Hiyo si tofauti ya kufumbia macho. Ni kama mutu anasema anashuka na mto mpaka Yanonge, kumbe pirogi yake inavuka ng'ambo."

"Simu hiyo hiyo ilisema hakutakuwa na mvua," alisema mzee Asumani, rafiki wa Papa Feruzi tangu utotoni.

Watu wakacheka. Papa Feruzi aliinua mkono, akageuka kuelekea nyuma, kwenye mikeka ya wanawake, alipokaa binti yake.

"Djamila. Wewe unafundisha jometri. Umepima?"

Alikuwa amepima. Djamila hakuwa mtu wa kusema kabla ya kupima. Alikuwa amesimika kijiti wima uani mwa msikiti, akachora duara kukizunguka, akatia alama pale ncha ya kivuli ilipogusa duara asubuhi na pale ilipoligusa tena alasiri. Alama mbili zile zilimpa mashariki na magharibi, na mstari uliozikata kwa pembe mraba ukampa kaskazini. Kisha alikwenda shuleni, akaweka rula kwenye ramani kubwa ya darasani, toka Kisangani mpaka Makka.

"Ukuta ulitazama kaskazini, papa. Ramani inasema Makka ni digrii thelathini na tano kutoka hapo."

"Si thelathini na tatu."

"Si thelathini na tatu."

Papa Feruzi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikingoja. "Mbele ya kadhi," alisema, "mashahidi wawili wakipishana, ushahidi huanguka. Simu inasema hili, ramani inasema lile. Basi ukuta wa babu yangu utasimama pale pale uliposimama. Na siku mtu atakaponithibitishia kwamba umekosea, nitamwachia nafasi ya mbele, nami nitasali nyuma yake. Nimesema."

Djamila alifungua kinywa. Mashahidi wawili wanaobishana mwizi alikuja saa ngapi, wote wawili wamekubali kwamba mwizi alikuja. Hilo alilifundisha kila mwaka, na wanafunzi wake walilielewa haraka kuliko somo jingine lolote. Lakini aliona baba yake ameuegemea mkongojo, na watu wakimtazama yeye, wakingoja. Akakifunga kinywa. Kimya chake kikahesabiwa kuwa ni kukubali.

Tangu hapo zile digrii mbili zilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alijiambia kwamba anatafuta tu sababu ya simu na ramani kutofautiana. Alijua kuwa anatafuta zaidi ya hapo. Kama simu ingepatikana na kosa, hata dogo, basi Ijumaa ile ingeweza kubaki kama ilivyo, na baba yake angebaki mahali pake, na kimya chake kisingekuwa uongo. Hivyo ndivyo alivyotaka iwe. Mtu akitaka jibu fulani, huanza kuipenda kila njia inayofika huko.

Jumatatu, wanafunzi walipotoka kwa mapumziko, aliuchukua mpira wao, akaufuta vumbi kwa kitenge, akaanza kuuchora kwa chaki. Alizungusha mstari tumboni mwa mpira, ukawa ikweta. Juu ya mstari huo akatia nukta ya Kisangani, maana mji wake umekaa karibu kabisa na ikweta. Kutoka kwenye nukta alipandisha mstari mpaka kwenye ncha ya kaskazini. Kisha, upande wake wa kulia, akapandisha mwingine, ule unaopita Makka.

Akainua macho kutazama ramani ukutani. Pale mistari miwili hiyo ilipanda sambamba, ikafika ukingoni juu bila kukaribiana hata unywele. Kwenye mpira ilianza kuinamiana tangu ilipoachana na ikweta, ikaenda kukutana nchani. Ramani ilikuwa imeisukuma Makka mbali mno upande wa mashariki. Pembe ya kweli lazima iwe ndogo kuliko ile ya rula, na kulijua hilo hakukuhitaji kupima chochote. Kiasi gani, hilo lilihitaji hesabu. Alipiga hesabu ubaoni, akafuta, akaipiga tena kwa njia nyingine.

Thelathini na tatu na kitu kidogo.

Alibaki ameshika chaki. Kisha, kwa sababu ambayo hakuifikiria, akapandisha mstari wa tatu, wa Bagamoyo. Ulikaribia kuulalia ule wa Makka. Kijana aliyesimama Bagamoyo akaelekeza uso kaskazini alikuwa ameielekea Makka kweli kweli. Akaondoka na kaskazini yake, akaivusha maziwa na misitu, akaja kuisimamisha hapa kwa udongo. Aliamini kwamba mistari iliyoanza sambamba hubaki sambamba daima. Na yeye Djamila, mwalimu, na rula yake mkononi, alikuwa ameamini nini tofauti?

Akaketi kwenye dawati la mwanafunzi. Kisha akakumbuka kwamba mafundi wanaanza kumwaga msingi leo.

Alipanda toleka, mpira mapajani, akamwomba mwendeshaji akaze mwendo. Alipofika, mtaro ulikuwa umekwisha kuchimbwa kwenye mstari wa zamani, vigingi vimepigwa, kamba imevutwa. Mchanga na saruji vilikuwa vimechanganywa vikavu, na ndoo za maji zimepangwa kando. Papa Feruzi alikaa kwenye kiti karibu na mtaro, Asumani ubavuni mwake.

"Papa, naomba fundi asimame kwanza."

Ignace, fundi kutoka Butembo, aliegemea koleo lake, redio ndogo ikiimba mfukoni mwake. "Nimwage ao nisimwage?" aliuliza. "Mimi mukatoliki, mama. Kwetu padri anaangalia watu, inakwisha. Ninyi muniambie tu kamba inaenda wapi, kabla ya simenti kuona maji."

"Sema," Papa Feruzi alimwambia binti yake.

"Nisemee hapa, au nyumbani?"

"Ya Ijumaa uliyasemea hapa."

Akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakuruka neno. Kwamba ramani ilikosea, naye aliiamini bila kuihoji. Kwamba simu ya Idrissa ilikuwa sahihi. "Na hata kama ramani ingekuwa sawa, papa, mashahidi wale hawakupishana. Wote walisema ukuta umekosea. Walichopishana ni kiasi tu. Hilo nililijua Ijumaa."

"Ulijua, ukanyamaza," Asumani alisema.

"Nilinyamaza, tonton," alimjibu, kama anavyojibiwa mjomba.

"Basi ungeendelea kunyamaza. Dini ni pana. Mtu aliye mbali hupewa upande, hapewi ncha ya sindano." Asumani alimgeukia rafiki yake. "Feruzi, na sala zetu zote zile? Na wake zetu tuliowalaza kaburini, tuliwaelekeza wapi?"

"Aliyetafuta kwa bidii akakosea, sala yake ni sala," Papa Feruzi alijibu. "Hilo unalijua, Asumani. Ulilisoma kabla yangu. Lakini hilo ni la asiyejua."

Alimgeukia binti yake. Djamila alitamani angemkemea.

"Usingekuja leo, ningekufa sijui."

"Ndiyo, papa."

"Na ungeweza usije."

"Ningeweza."

"Babu yangu," akasema, akaugeukia mtaro. "Babu yangu alikuwa mjinga?"

Djamila alichuchumaa mbele ya kiti, akamwekea mpira mikononi. Chaki ilikuwa imefutika kidogo njiani, lakini mistari ilionekana. Akamwonyesha Kisangani, akamwonyesha Makka, akamwonyesha Bagamoyo chini yake. "Pale alipojifunza kusali, papa, kaskazini ndiyo kibla. Hakukosea. Alihama tu."

Papa Feruzi aliweka kidole Bagamoyo, akakiburuta polepole kuelekea magharibi, kama mtu anayepapasa njia gizani.

"Kila alipolala, ilimpasa ageuke kidogo," alisema.

"Kidogo sana. Mtu asingehisi."

Kidole kikafika Kisangani, kikatulia. Halafu akamrudishia mpira.

"Ignace. Ng'oa vigingi."

"Nilijua," fundi alinong'ona, ingawa hakuna aliyemwamini, akaanza kung'oa. Djamila alimpimia pembe kutoka kwenye mstari wa kivuli. Kamba ilipovutwa upya ilikatiza mtaro wa zamani kwa mshazari. Asumani aliitazama, akatema mate pembeni.

Idrissa alifika kwa pikipiki karibu na alasiri. Ilionekana amekuja na maneno yake tayari, maana aliyaanza kabla hajazima injini. Kisha akaiona kamba, akazima injini.

Mwadhini aliadhini. Mikeka ikatandikwa uwanjani kwa kuifuata kamba, ikakaa upande ambao hakuna mguu wa mtu uliouzoea, na wengi walijikuta wakitazama nyayo zao. Papa Feruzi alivua viatu, akaingia katika safu ya kwanza, akasimama baina ya watu wengine. Mkeka wa imamu ulibaki peke yake mbele.

"Haya, kijana," Asumani alimwambia Idrissa. "Simu yako ilitaka nafasi. Ndiyo hiyo."

"Mimi nilisema ukuta," Idrissa alijibu chini chini. Alikuwa amesimama safu ya pili, nyuma ya mgongo wa mzee. "Papa imamu, mimi sikusema wewe. Nilisema ukuta."

"Nami nilisema mbele ya watu," Papa Feruzi alisema bila kugeuka.

Ikama ilikimiwa. Hakuna aliyesogea. Kutoka safu ya wanawake Djamila alimwona Idrissa akitazama mkeka mtupu, kisha mgongo mwembamba wa Papa Feruzi ndani ya kanzu. Ignace alizima redio yake. Safu zote zilingoja.

Papa Feruzi akavuta bega lake pembeni kidogo, pakawa na upenyo wa kumtosha mtu mmoja kupita, naye akaendelea kutazama mbele.