Kitanda cha Springi na Kata ya Maji

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mwalimu Ambrosi kilikuwa kamba ya kiatu chake cha kushoto. Haikuwa kamba ya dukani. Ilikuwa ya ukili, imefungwa fundo kubwa, na kila alipopiga hatua mbele ya ubao fundo lile lilicheza kama sikio la mbuzi. Nililitazama fundo kwa sababu kumtazama usoni sikuweza.

Alikuwa amesoma shule ya Chidya, na mchana alitufundisha sisi wanawake wa Newala tulioacha shule njiani. Mimi niliacha mama alipougua, maji yakakosa mtu wa kuyafuata bondeni. Siku hiyo Mwalimu aliandika neno moja la Kiingereza: spring.

"Ni chemchemi," alisema. "Kama ile mnayoiteremkia kila asubuhi."

"Mwalimu," akadakia Bimdogo, shoga yangu, "mbona dereva wa lori la Masasi akikwama husema springi imekatika? Lori nalo lina chemchemi?"

Darasa zima likacheka. Ambrosi naye akacheka, akasema hiyo nayo ni spring. Tena Waingereza wana majira yanayoitwa hivyohivyo, baridi ikiisha na miti ikichipua. Na kuruka pia ni spring.

"Masikini wa watu!" alisema Bimdogo. "Wametawala nchi nzima na maneno hawana. Wanaazimana lilelile, kama sisi na kinu cha Mama Julia."

"Hebu sikilizeni," alisema Ambrosi. "Zamani sana neno hili lilikuwa la kuruka tu, kuchomoka kwa ghafla. Basi maji yakichomoka ardhini, wakasema spring. Majani yakichomoka matawini, spring. Chuma ukikikandamiza kikakurusha mkono, spring. Hivi!"

Akachuchumaa, akaruka juu. Fundo la ukili likapaa naye. Bimdogo akapiga kigelegele. Ambrosi alipopata pumzi akanigeukia mimi.

"Severina, wewe unajua kitu gani kingine kinachoruka hivyo?"

Nilijua. Nikarudisha macho kwenye lile fundo.

Mwezi haukuisha akaleta posa.

Katika ukoo wetu msichana hajibu posa kwa mdomo, na mila hiyo niliishukuru kuliko zote. Huteka maji mwenyewe bondeni, akapanda nayo mlima, akawapa wageni kwa kata. Kata ikijaa pomoni, amekubali. Ikiwa nusu, warudi mwaka mwingine. Na Ambrosi alikuwa anahamishiwa Masasi. Mwaka mwingine angekuwa mbali, na wasichana wa Masasi si vipofu.

Siku ya wageni nilirudi na maji mapema. Mama akayapikia wali na mchuzi, Bimdogo akimsaidia, mimi nikabakiza ya kujaza kata moja.

Mjomba Bartholomayo, msemaji wetu, alikuwa amenunua kitanda cha springi. Kilipandishwa kwa lori kutoka Masasi, na tangu hapo hakuna mgeni aliyeruhusiwa kukaa pengine. Alikitoa barazani, akawakalisha Ambrosi na mjomba wake, Mzee Yeremia. Mzee alikaa ukingoni kabisa, ameishika fimbo kama mtu aliyepanda mnyama asiyemjua.

Nikapiga magoti, kata imejaa pomoni. "Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu."

Ambrosi alikuwa ananyoosha mkono.

"Mzee Yeremia, bado hujakaa!" alisema Mjomba. "Kitanda hiki hakikaliwi hivyo. Ona!" Na kwa kitambi chake chote akajitupa katikati.

Ambrosi akapaa. Goti lake likaipiga kata, maji yakammwagikia Mzee Yeremia kifuani. Nikachungulia ndani ya kata.

"Nusu," alisema Mzee, akijipangusa ndevu.

"Si yeye, ni kitanda!" Mjomba alilia.

"Hatukuja kuposa kitanda, Bartholomayo."

Mama akautikisa mtungi. Mtupu. "Severina," akaninong'oneza, "sema basi. Neno moja tu."

Nikafungua mdomo. Kikatoka kicheko. Nikajaribu kukimeza, kikarudi kikubwa zaidi. Ambrosi naye akaanza kucheka, mabega yakimtikisika.

"Sasa anatucheka," alisema Mzee Yeremia, akitafuta kofia yake.

Nikaunyakua mtungi, nikakimbia.

"Bibi harusi kakimbia!" Bimdogo alipiga kelele nyuma yangu, kanga inamvuka. "Pisheni! Bibi harusi kafuata maji!" Wanawake waliokuwa wanapanda na madebe vichwani wakatupisha, wakacheka bila kujua wanacheka nini. Tukateremka tukiteleza, tukajaza, tukapanda. Mlima ule ambao kila siku hunikata pumzi, siku hiyo sikuuona.

Nilijua huenda wameondoka. Lakini Ambrosi alikuwa amesimama njiani, anatazama bondeni, kamba ya ukili imemfunguka. Mzee Yeremia alikuwa bado kitandani, peke yake, amefumba macho, anajirusha taratibu juu na chini.

"Nilitaka kupumzisha mgongo kidogo tu," alisema aliponisikia, akaacha kujirusha.

Nikapiga magoti tena. Nilijaza kata mpaka ikafurika vidoleni. Mjomba akasogea, anataka kukaa karibu ashuhudie.

"Usikae!" tulipiga kelele wote, hata mimi.

Mzee akapiga funda. "Imejaa," alisema. "Tena imezidi." Ambrosi akanywa yaliyobaki mpaka tone la mwisho, akanitazama. Mimi nikaitazama ile kamba.

Sasa tunaishi Masasi, na nikiongea naye bado natazama viatu. Swali lake la darasani sijawahi kulijibu. Nalijibu hapa. Ni moyo, Mwalimu. Wewe uliporuka mbele ya ubao, wangu nao uliruka. Nakupenda, na nilianza kabla hujatua chini.