Sanduku la Baridi la Yuditha

Yuditha wa Kilema alikuwa ameapa: binti yake Winfrida hatalelewa Soweto, mjini Moshi. Ndiyo, mtoto ana kisukari. Ndiyo, insulini inataka baridi, na mwaka ule wa tisini na nane umeme ulikuwa haujafika kwao. Lakini aliyezaa ni yeye. Shemeji yake Melkior, mdogo wa marehemu mumewe, asidhani friji yake ya mjini inamfanya mzazi.

"Jumapili baada ya misa naleta dawa," Melkior alikuwa amesema. "Sanduku lako likishuka chini ya nyuzi nane, mtoto abaki. Lisiposhuka, naondoka naye."

Sanduku lilitengenezwa na Gurdip, fundi redio wa Moshi. Halikuwa na gesi wala kompresa. Mgongoni lilikuwa na kigae chembamba kama biskuti, kilichotoka Dubai. Ukikipitishia umeme wa betri ya gari, upande wa ndani unapoa, wa nje unapata moto. "Halitengenezi baridi, mama," Gurdip alimweleza. "Linahamisha joto tu, kulitoa ndani kulipeleka nje. Hakuna gesi ya kuvuja. Kinachozunguka ni hiki kifeni cha nyuma peke yake." Betri ilijazwa na paneli ya jua juu ya bati.

Jumapili Melkior akafungua sanduku, akasoma kipimajoto. Nyuzi ishirini na sita.

"Fungasha nguo za mtoto, shemeji."

Yuditha aliingiwa na hofu, kisha hasira. Jana lilisoma sita. Akapeleka mkono nyuma ya sanduku, akaurudisha upesi. Palikuwa pa moto mno. Hapo akauona ujinga wake mwenyewe. Asubuhi, kwa kuwa mgeni anakuja, alilifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama anavyofunika redio. Kitu cha thamani hakiachwi uchi sebuleni. Kumbe joto lililotolewa lilikosa pa kwenda, likarudi ndani.

Akaking'oa kitambaa. "Kaa, shemeji."

"Tulikubaliana Jumapili."

"Na Jumapili haijaisha. Kaa."

Melkior akakaa, akaletewa mtori, akala akiangalia saa. Kipimajoto kikashuka: ishirini, kisha kumi na nne. Yuditha alisimama mlangoni amekunja mikono. Alasiri Melkior akainama kusoma tena, akakawia kuinuka.

"Saba," akasema.

Yuditha akamnyang'anya chupa za dawa, akazipanga ndani, akafunga. Kisha akachukua begi tupu ambalo Melkior alilileta kwa nguo za mtoto, akalijaza ndizi mpaka zipu ikagoma.

"Winfrida," akaita, "njoo umuage baba mdogo."