Kiuno cha Mwalimu

Mimi ni fundi cherehani, na wateja waongo nawajua. Ukimzungushia mtu tepu kiunoni tu, tumbo linaingia ndani. Suruali ikija kumbana, lawama zote zangu!

Aliyenifumbua macho ni binti wa kaka yangu, anayesomea uuguzi. "Shangazi, usigombane nao. Mtu akizuia pumzi, hewa ya ukaa inajaa kwenye damu, na ubongo unamlazimisha apumue, atake asitake. Wewe subiri tu."

Basi siku hizi nashika tepu, napiga soga, nasubiri.

Jana aliingia bwana mmoja mwenye miwani. Nilipomzungushia tepu akavuta tumbo mpaka mkanda wake ukalegea. Inchi thelathini na nne. Nikaanza kumsimulia maradhi ya cherehani yangu. Jasho likamtoka. Nikahamia kwenye pedali. Macho yakamtoka pima. Mara, fuuu! Tumbo likarudi kwa kishindo, na tepu ikateleza vidoleni mwangu mpaka arobaini na moja.

Hapo binti akatoka chumba cha ndani na pasi mkononi, akaganda mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

Kumbe ndiye anayewafundisha hayo mambo ya pumzi! Nilifurahi kama nimeokota dhahabu.

"Mwalimu, si unajua mwenyewe kwamba damu haidanganywi?"

Akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Najua vizuri sana, mama," akasema. "Lakini wewe andika thelathini na nne."