Madirisha Manne

Dada zake walimwita Fundi Waya, na wala hawakuwa wakimsifu. Mtu mzima na akili zake, kutwa kukata maboksi na kuchezea vitaa! Walisema hayo kwenye simu, maana nafasi ya kuja kumwona mama yao hawakuwa nayo. Aliyebaki ni yeye, kitindamimba. Yeye ndiye aliyemwogesha mama, akamlisha, akamgeuza ubavu, na ahsante hakuambiwa. Sifa zote za nyumba ile zilikuwa za kaka, kifunguamimba, aliyejiendea zake na hata salamu haleti.

Basi akamtengenezea mama kijumba cha boksi la viatu, chenye madirisha manne, kila mtoto na lake, na picha yake imebandikwa kando. Nyuma ya kila dirisha aliweka kitaa kimoja, nyaya zikaenda kwenye betri. Alitaka kitu kimoja tu, jamani: mama aliangalie dirisha lake, aseme, "Huyu ndiye niliye naye."

Vitaa vile vina miguu miwili, mrefu wa chanya na mfupi wa hasi. Ukivigeuza, haviwaki ng'o. Sasa yeye, kwa kupenda unadhifu, aliikata miguu yote ikalingana kabla ya kuitia alama, akabaki anabahatisha.

Akakiweka kijumba kitandani, karibu na mto, akawasha. Yakawaka madirisha matatu.

"Mbona kwa kaka yako giza?" mama akauliza. Yale mengine hata hakuyatupia jicho.

"Nimekosea kidogo, mama. Ngoja nigeuze."

"Umekosea kwake tu?"

Neno lile lilimchoma. Akakigeuza kile kitaa, na kwa vile kimguu kilikuwa kimebaki kifupi mno, kikamkatikia vidoleni. Kingine hakuwa nacho. Mama akaanza kulia, tena machozi ya kweli.

"Hata kwenye boksi mnamtoa mwanangu!"

Fundi Waya akamtazama. Mwache alie, akajisemea. Miaka yote hii, mimi nani amenililia? Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wa mzazi alikuwa akiujua yeye. Akachomoa kitaa cha dirisha lake mwenyewe, akakipachika kwa kaka. Safari hii hakukosea.

Mama akafuta macho, akacheka. Tangu augue hakuwa amecheka vile. Akalipapasa dirisha la kaka, akalipapasa tena. Picha ya kitindamimba ilikuwa palepale kando ya dirisha lenye giza, mbele ya macho yake.

"Haya, sasa wanangu wote wamo."

"Wote, mama?"

"Wote. Na wewe usikiguse tena, usije ukaharibu."

"Sawa, mama," akasema, akaenda kubandika maji ya kumwogesha.