Kolektere Mbili na Mlima wa Nyabiondo

Nyabiondo nzima ilijua, maana Mama Pétronille alikwisha kuizungusha habari hiyo kutoka mtoni mpaka kanisani: Viateur ameapa mbele ya wakwe kwamba dada yake Drocella atapanda mlima kwenda kufunga ndoa Masisi akiwa ndani ya gari, na hakuna mgeni hata mmoja atakayeshuka kusukuma. Ndugu za bwana harusi walicheka wakishika mbavu. Kufikia mwaka ule wa 1968, mlima ule ulikuwa umeshakula heshima ya magari mengi. Bibi harusi wa mwisho kupandishwa kwa gari alifika altareni na matope mpaka magotini, na mashemeji zake walimwita Mama Matope tangu siku hiyo.

Gari la Viateur lilikuwa la Kiamerika, refu hata aliyekaa nyuma alipaza sauti ili shofere amsikie. Mzungu mmoja mwenye shamba la kinini, mpenda mashindano, alikuwa ameichonga motere yake ya silinda nane ikawa na nguvu za wazimu. Alipoondoka alimwachia Viateur, shofere wake, gari pamoja na kolektere mbili. Kolektere njo kile chuma kinachokaa chini ya karburatere na kugawia kila silinda hewa na esanse, yaani petroli. Moja ilikuwa fupi, nyeusi, njia zake nyembamba zimepindana kama matumbo ya mbuzi. Ya pili ilisimama wima kama mnara wa kanisa, ina chumba kipana katikati na njia nene, na iling'aa hata wamama walijitazamia vilemba humo.

Bila shaka Viateur alifunga ile ya kung'aa. Nani angeacha? Kwenye tambarare ya Sake gari liliruka hata askari wa Mubambiro wakatoka kambini kutazama ni nini kinachonguruma hivyo. Viateur mwenyewe alisahau kupumua. Lakini siku mbili kabla ya harusi alijaza gari watu akajaribu mlima, na kwenye kona ya kwanza motere ikakohoa, ikajikunja, ikazimika. Wote wakashuka wakasukuma. Mama Pétronille alikuwa mmoja wao, kwa hiyo jua halikuzama kabla habari haijafika kwa wakwe.

"Evode, tutafanya nini?" Viateur alimuuliza fundi wake, aliyekuwa amelala chini ya gari.

"Kaka, mi sijue. Karburatere iko safi, bujii za kuwasha moto ziko mupya. Labda ile kolektere ingine?"

"Ile ya matumbo ya mbuzi? Njia zake hata kidole hakipite vizuri! Motere kubwa namna hii itakufa kwa kukosa pumzi."

"Basi dada yako atatembea."

Maneno hayo yalimkata. Drocella alikuwa ameweka viatu vyake vyeupe juu ya kabati, na kila akipita alivitupia jicho.

Siku ya kuamkia harusi nyumba ilijaa hata watu wakakaa mapajani mwa wenzao. Mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, ulikuwa katikati, na kila mtu na mrija wake. Viateur, kwa kuwa kaka wa bibi harusi, alipewa mrija wa heshima: mwanzi mnene, mrefu, uliopambwa shanga. Akavuta. Hewa tupu. Akavuta tena, mashavu yakaingia ndani. Karibu naye nyanya yake, Bibi Sidonie, mwenye meno mawili na kifua cha kuku, alinyonya kidogo tu kwa kijiti chembamba, na pombe ikamfikia mara moja.

"Papa Viateur, unapigia wageni filimbi?" Mama Pétronille akapiga kelele, na nyumba ikapasuka kwa kicheko.

Viateur hakucheka. Alimtazama bibi, akatazama mwanzi wake.

"Bibi, unapata vipi na pumzi ndogo hivyo?"

"Pumzi ndogo inataka njia ndogo, mjukuu wangu. Huo wako ni wa mutu mwenye kifua cha ng'ombe."

Hapo Viateur akaielewa motere yake. Pale Sake motere ilikimbia, ikavuta kwa kifua cha ng'ombe, na njia nene ikaijaza. Mlimani, imebeba watu, inageuka kona polepole, motere inakuwa Bibi Sidonie! Alisimama na mwanzi mkononi. "Evode! Lete funguo za bulono!" Mchana ule ule kolektere ikabadilishwa uani, wageni wakishika bulono zilizofunguliwa kwa mkono mmoja na mirija kwa mwingine.

Asubuhi yake gari lilibeba watu wanane na bibi harusi. Kwenye kona ya kwanza Viateur alikanyaga taratibu, akingoja kikohozi. Hakikuja. Sauti nzito ilitoka chini ya miguu yao, laini, ya mbali, kama ngurumo ya mvua iliyo bado upande wa Walikale, na mlima ukaanza kuteremka. Ndivyo walivyoona: si gari lililopanda, mlima uliteremka, na mashamba ya maharagwe yakapita madirishani kama nguo inayovutwa. Mama Pétronille alifunga mdomo kilomita nzima. Viateur alihisi usukani unatetemeka kidogo kama shingo ya ng'ombe anayekunywa, na machozi yakamjia bila kuitwa.

Mbele ya kanisa la Masisi wakwe walikuwa wamejipanga. Hakuna aliyecheka. Gari likasimama, likaunguruma polepole, na mashemeji wakarudi nyuma hatua moja. Drocella hakufungua mlango. Viatu vilikuwa vyeupe pepe.

"Kaka," alinong'ona, "geuza."

"Nini?"

"Turudi chini. Tupande tena."

"We mutoto, padri anangoja!" Mama Pétronille alipata sauti yake.

"Padri iko na Mungu wa kungoja naye. Geuza, kaka."

Viateur akageuza. Bwana harusi alikimbilia dirishani akifikiri anaachwa, ameshika kofia, akipiga mlango kwa kiganja. Drocella akamfungulia. Akajibana katikati ya wanane, magoti kidevuni, na gari likainamisha pua kuelekea bondeni.