Waliozaliwa Tarehe Mosi Januari

"Mimi na kisukari tumejuana lini?" bibi aliuliza, ameshika fremu ya dirisha la mapokezi kwa mikono miwili. "Dirisha la dawa wamenipa vidonge vya sukari. Nimekuja na kidonda cha mguu, mjukuu wangu."

Mama Faili, karani wa mapokezi ya hospitali, aliivuta miwani, akasogea kwenye kioo cha kompyuta. Jina lilikuwa la bibi, mtaa pia. Ila kisukari kilikuwepo, na ile sindano ya penisilini iliyomvimbisha uso miaka tisa iliyopita hadi macho yakafumbika haikutajwa popote. Mama Faili mwenyewe ndiye aliyeiandika kwa wino mwekundu juu ya faili la karatasi.

"Bibi, vidonge umemeza?"

"Nimeze kwa lipi? Nimekuja kuuliza kwanza."

"Nipe. Na sindano usichomwe na mtu yeyote mpaka nirudi."

Fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye kipara na maneno machache, alimweleza bila kuinua macho. Jana mfumo mpya wa kompyuta ulitafuta wagonjwa walioandikwa mara mbili. Kila ulipokuta jina moja, jinsia moja na tarehe moja ya kuzaliwa, uliwaunganisha. Jozi mia mbili na kumi na nne.

"Tarehe gani?" Mama Faili aliuliza, ingawa jibu alishalijua.

"Karibu zote ni tarehe mosi Januari. Nami nilishangaa."

Yeye hakushangaa. Kwa miaka ishirini na mbili, kila aliyefika dirishani asijue siku aliyozaliwa, alimwandikia tarehe mosi Januari, na mwaka akaukadiria kwa kumtazama usoni. Kwa kalamu yake nusu ya mtaa ilizaliwa siku moja, na hakuna aliyewahi kulalamika. Kwenye makaratasi jambo hilo halikuwa na madhara, maana sura alizijua. Kompyuta haikuwa na macho.

Nje, lori lilikuwa limerudi kinyumenyume hadi mlangoni. Masanduku ya mafaili ya zamani, ambayo kompyuta ilishachukua nafasi yake, yalikuwa yanapakiwa kwenda kuchomwa moto, na manane yalikuwa yameshapanda.

Angeweza kunyamaza. Bado alikuwa kwenye miezi mitatu ya kujaribiwa kwenye kompyuta, na daktari mkuu alishamwambia wazi kwamba asiyeiweza kompyuta atapisha wengine. Aliogopa, na hofu yenyewe ilimkasirisha. Mficha uchi hazai. Alijikaza kisabuni, akatoka, akakaa juu ya sanduku la tisa.

"Mama, ondoka hapo," dereva alisema. "Nina safari nyingine."

"Nenda nayo. Ila yale manane yateremshe kwanza."

Daktari mkuu alitoka na glavu zake mkononi. "Kuna nini tena? Hayo mafaili yameliwa na panya."

"Panya wamekula pembeni, daktari. Katikati mna watu." Aliushika mfuniko wa sanduku. "Kosa ni langu. Tarehe za kuzaliwa nilizitunga mimi. Sasa mfumo umewashona watu wawili wawili. Bibi aliyeko pale ndani amepewa dawa za mwenzake, na ungemwandikia penisilini leo usingeonywa."

Daktari alitazama dirishani. Bibi alimpungia mkono.

"Nimeshamwandikia," daktari alisema polepole. Akageuka, akaingia chumba cha sindano mbiombio.

Aliporudi alikuwa na karatasi ya dawa, ameikunja ikawa ndogo sana. "Fundi hawezi kuwatenganisha?"

"Wengine kweli ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Wengine ni wawili. Mashine haijui nani ni nani. Mimi najua, na nikisahau, mafaili yatanikumbusha."

"Itachukua muda gani?"

"Sijui. Nachapa kwa kidole kimoja." Hakuinuka. "Lakini nitawamaliza."

Daktari aliipiga ile karatasi kwenye kiganja mara mbili, tatu. Kisha akamwambia dereva ateremshe masanduku.

Walianza na bibi. Mama Faili alilifungua faili lake, fundi akakirudisha kisukari kwa mwenye nacho, na penisilini ikaandikwa ikang'aa nyekundu juu kabisa. Ilibaki tarehe. Fundi alikuna kipara, akaufanya mfumo ukubali nafasi hiyo ibaki wazi, na chini yake akaweka sehemu ya maelezo.

"Bibi, ulizaliwa lini?"

"Si unajua kwamba sijui? Hujawahi kuniuliza mara ya pili."

"Leo nakuuliza."

Bibi aliegemea fremu ya dirisha. Nyuma yake mtu alikohoa, foleni ikasogea. "Mama yangu alisema siku aliponizaa mahindi yalikuwa yamemfika kiunoni. Na alikuwa shambani peke yake."

Mama Faili aliitafuta herufi ya kwanza, akaibonyeza. Akaitafuta ya pili. Bibi aliingiza kichwa dirishani, shingo ameinyoosha, akiyatazama maneno yakitokea moja moja kwenye mwanga.

"Hapo umefika wapi?" aliuliza.

"Kiunoni."

"Basi usimsahau mama yangu, kwamba alikuwa peke yake," bibi alisema, na hakuondoka dirishani.