Mwalimu Tate na Ndoo

Miaka na miaka tulipigania watoto wetu weusi wasome shule moja na wazungu hapa Georgia. Mwaka huu wa 1970 tukashinda mahakamani. Tulisherehekea kanisani, tukala kuku wa kukaanga mpaka tukavimbiwa. Kumbe! Wiki iliyofuata wazungu wakaifunga shule yetu.

"Shule moja inatosha," walisema. Ya kwao, bila shaka.

Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Cleophus Tate, mtu mwenye shahada mbili, wakampa kazi huko kwao: kupiga deki. Ana watoto wa kulisha, akaikubali.

Shuleni kwetu, Mwalimu Tate akipita, watoto wote walisimama wima ukutani na kumwamkia. Basi siku ya kwanza binti yangu Vernita alipomwona anakuja na ndoo, akasimama wima ukutani. "Shikamoo, Mwalimu!" Wazungu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Mtazameni, anampigia saluti mfagizi!"

Mwalimu akamwinamia. "Usinisimamie tena, mwanangu. Tafadhali."

Vernita alirudi nyumbani analia. Nikamwambia amsimamie tu, na wale washenzi wacheke mpaka wapasuke.

Jana nilimpelekea chakula alichosahau. Nikamkuta na wasichana wa kizungu, yeye na wao wanakanyaga kwa viatu vya matope sakafu iliyotoka kupigwa deki. Mwalimu Tate alikuwa amesimama wima ukutani, anawapisha. Vernita hakumtazama.

Nilipigania mwanangu afundishwe kila wanachofundishwa wao. Haya, kafundishika.